Mluzi wa Kichakani

Tangu wamzike mwana wao Sudi, Makame alikataa katakata kukifyeka kichaka kilichokuwa nyuma ya nyumba. Mkewe, Mize, alisema mpaka akachoka, maana nyoka walishaanza kuingia jikoni. Asubuhi moja, mumewe akiwa ametoka, alichukua panga akaenda kufyeka mwenyewe.

Hata hajafika mbali, akasikia mluzi. Ulikuwa ule ule aliokuwa akiupiga Sudi kila alipokaribia nyumbani, ukipanda mara mbili kisha ukishuka taratibu.

"Sudi?" aliita.

"Siye, Mama Sudi," ilijibu sauti ya mumewe. Makame alikuwa ameketi juu ya gogo, ndani kabisa ya kichaka, macho yamemwiva. Akamwonyesha kwa kidole ndege aliyekuwa kwenye tawi la chini. "Ni kurumbiza. Huyu huiga kila anachokisikia. Mwanetu kamwachia mluzi wake."

"Na siku zote hizi unakuja peke yako?"

"Nilikuonea huruma. Nilijua utaumia."

"Nimeumia, Baba Sudi. Lakini ungeniambia."

Makame akasogea kumpa nafasi. Mize aliliweka panga chini, akaketi. Kurumbiza akatua karibu na miguu yao, kifua chake cha rangi ya chungwa kikimeremeta, akaanza kupekua majani makavu akitafuta wadudu. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Kisha ndege akainua kichwa, koo likatuna.