Usiniamshe Mpaka Tufike

Lavonne alipotoka msalani, nyumba yake haikuwepo.

Alisimama kando ya pampu za mafuta, mkoba kwapani, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Pale ilipokuwa imeegeshwa palibaki kidimbwi cha maji ya kiyoyozi. Mbali kwenye barabara kuu, kuelekea magharibi, aliiona ikipotea: nyumba yao ya magurudumu, na vile viti viwili vya kijani vya kukunja vimefungwa nyuma.

"Delbert!" aliita, utadhani atasikika.

Akazunguka nyuma ya kituo kumfungua Gus, mbwa wao, aliyekuwa amemfunga kwenye nguzo baada ya kumpeleka nyasini kujisaidia. Akamhamishia mlangoni, kwenye kivuli cha friji la barafu, maana mbwa haruhusiwi ndani. Kisha akaingia dukani.

Kaylee, msichana wa kaunta, alianza kwa kucheka. "Usijali, mama, wewe si wa kwanza. Mwaka jana mzee mmoja alivuka Nebraska yote, akafika Wyoming ndiyo akagundua hana mke. Mumeo anadhani umelala nyuma."

"Hilo ndilo analodhani," alisema Lavonne.

Na alikuwa na sababu ya kudhani hivyo. Asubuhi kambini Delbert aling'oa gari bila kuchomoa waya wa umeme. Waya ukakatika pwaa! mbele ya majirani wote, vikombe vya kahawa mkononi, wanatazama kama sinema. Lavonne akampa vidonge vyake mumewe, maneno makali hapohapo mbele ya watu. Halafu akameza kidonge chake mwenyewe, kile cha kichefuchefu, akavuta pazia la kitandani. "Usiniamshe mpaka tufike!" Hapa kituoni alishuka na Gus wakati Delbert yuko upande wa pili wa gari anajaza mafuta, na hakumwambia.

Simu yake ilikuwa nyuma ya pazia hilohilo, inachajiwa. Namba ya Delbert hakuijua kwa kichwa. Siku hizi nani anakariri namba?

Lakini jamani, kuachwa siko kulikomuuma. Mwaka wa kwanza, walipouza nyumba ya Ohio na kuingia barabarani, Delbert hakuwa akisogeza gari hata hatua moja mpaka amsikie. "Lavonne, mpenzi, tayari?" Naye anajibu kutoka nyuma: "Tayari!" Ndipo wanaondoka. Hakumbuki ni lini mumewe aliacha kuuliza. Waliishi kwenye kijumba ambacho watu wawili hawapishani bila kugusana tumbo, na bado siku nzima iliweza kuisha hajasemeshwa neno.

Kaylee alimletea kahawa. "Basi la Omaha linapita hapa jioni. Una mtu huko?"

"Dada yangu, Bernice. Kila Krismasi ananiambia chumba kipo."

"Sasa?"

Lavonne alizungusha kikombe. "Delbert asiporudi mpaka basi lifike, napanda. Akirudi kunifuata, binti, nakaa naye mpaka kaburini. Na ule waya nitamnunulia mimi."

Akangoja. Kila gari kubwa jeupe lilipokunja kuingia kituoni aliinuka kwenye kiti, na kila mara alikaa tena. Mchana ukasogea. Soseji zilizunguka kwenye mashine yake, hakuna mnunuzi. Alinunua moja, ikamshinda kumeza, akampelekea Gus mlangoni.

Jua lilipoanza kulegea aliingia dereva wa lori kujaza chupa yake ya chai. Kaylee akamuuliza kama ameona gari la namna ile.

"Lenye viti vya kijani nyuma? Nimeliacha kule kwenye maegesho ya mapumziko. Mzee wa watu kachanganyikiwa! Anazunguka, anaita, analia wazi mbele za watu. Amechungulia mpaka chini ya malori yetu."

"Chini ya malori!" Lavonne alicheka, machozi yanamtoka. "Mwanamke mzima mimi, na tumbo hili, nikafanye nini chini ya malori?"

"Mtu akipotelewa, akili inahama, mama. Nilimwambia pengine ni hapa kwenye mafuta. Nimemwacha anageuza gari."

Delbert analia. Tangu mazishi ya mama yake Delbert hakuwahi kulia. Lavonne alisikia kitu kikifunguka kifuani, kitu alichokuwa amekizoea kimefungwa. Akachukua mkoba wake. "Niangalizie barabara, binti. Siwezi kuonekana na sura hii."

Msalani alinawa uso, akachana nywele, akatafuta rangi ya mdomo ambayo hakuwa ameigusa tangu Ohio. Alikuwa anamalizia mdomo wa chini aliposikia breki zikilia nje, mlango wa gari ukibamizwa, kisha sauti ya mumewe.

"Mpenzi wangu! Nisamehe, mpenzi wangu! Sikuachi tena, naapa!"

Lavonne alishika sinki kwa mikono miwili. Hakumbuki mara ya mwisho kuitwa hivyo. Akajitazama kwenye kioo, akatabasamu, akafungua mlango akiwa amekwisha kunyoosha mikono.

Delbert alikuwa amepiga magoti mlangoni mwa duka, uso kautumbukiza kwenye manyoya ya Gus.

Nje, basi la Omaha lilikuwa linakunja kuingia. Kaylee alifumbua kinywa aseme. Kutoka nyuma ya rafu ya bisi, Lavonne alimtikisia kichwa.

"Asante sana kwa kumtunza, binti," Delbert alinong'ona, akiinuka na mbwa wake kifuani. "Ngoja niondoke taratibu. Mke wangu kalala huko nyuma, na kasema nisimwamshe mpaka tufike."