Beki wa Kushoto

Onni Piirainen alitoka ofisini kwa kocha macho mekundu, na Jarkko Vesterinen akashusha pumzi. Asubuhi nzima alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, akijifanya anakaza kamba za viatu vya barafu zilizokwisha kukazwa.

"Vipi, bwana mdogo?"

Midomo ya Onni ilikuwa ikimcheza. "Kaka, nina neno nataka nikwambie."

"Siyo hapa." Jarkko aliwatupia jicho wenzao. "Badilisha nguo twende tukale. Leo Alhamisi, supu ya njegere ipo."

Neno lenyewe alilijua. Klabu nzima ililijua: msimu ujao angebaki beki mmoja wa kushoto, na waliokuwapo ni wawili. Mmoja alikuwa Onni, kijana mwenye mbio za kutisha. Mwingine ni Jarkko, aliyekuwa akicheza hoki ya barafu kwa mshahara tangu Onni hajaanza shule. Pua yake ilivunjika mara nyingi hata akaacha kuhangaika kuinyoosha. Meno ya mbele aliyaacha kwenye viwanja vya miji ya Tampere na Oulu. Yale ya bandia aliyavua kabla ya kila mechi na kuyatia ndani ya soksi. Mkewe alichoka kumngoja, akaondoka. Nje ya barafu Jarkko hakuwa na kazi aliyoijua, wala mtu wa kumpigia simu jioni.

Ndiyo maana Jumatatu alifanya alichokifanya.

Wiki iliyotangulia, baada ya mechi ya ugenini, Onni alimvuta bafuni hotelini akafunga mlango. Bega lilikuwa limetoka mahali pake, jasho likimtiririka.

"Nirudishie, kaka. Na kocha asijue, nakusihi. Akijua, mimi basi."

Jarkko alilirudisha bega kwa mikono yake mwenyewe, akalifunga bendeji, akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba hatasema. Jumatatu, wakiwa wawili tu ndani ya sauna, chumba cha kuogea mvuke, akamwambia kocha Salmenkivi, "Yule mtoto bega lake bovu na anaficha. Nakwambia kwa faida ya timu." Kocha alimwagia maji mawe ya moto.

Sasa, mkahawani, Jarkko aliagiza bakuli mbili na kulipia zote. Nje theluji ilikuwa ikianguka kwa uvivu. Alimtazama kijana aliyeketi mbele yake na huruma ikamjaa, huruma ya kweli kabisa, kwa kuwa sasa haikuwa na gharama.

"Usilie mbele za watu," alisema, akichovya mkate. "Nisikilize mimi, nimeona wengi wakiachwa. Kwanza, usirudi kuaga. Ukiingia mle chumbani kuaga, watakutazama kama maiti iliyokosea mlango."

"Hata marafiki?"

"Marafiki gani? Mle ndani kila mtu na nafasi yake. Chukua vitu vyako, potea. Mwezi hautaisha, jina lako watakuwa wamelisahau."

Onni alikuwa hajagusa supu. "Inauma sana?"

"Inauma. Halafu unazoea. Baba yako si anauza matrekta? Basi una pa kwenda. Wapo wasio na pa kwenda, wanaishia kunywa tu." Jarkko alipuliza kijiko. "Lakini na wewe ulijitakia. Beki mlaini vile! Unampiga mtu kikumbo halafu unamwangalia kama ameumia. Huu si mchezo wa watu wenye roho nzuri."

Kijana aliinamisha kichwa. Akazungusha kikombe cha kahawa.

"Na ingekuwa wewe, kaka, ungetaka uambiwe vipi?"

Jarkko alicheka mpaka meno ya bandia yakataka kumtoka. "Mimi? Bila kuzungushwa. Mtu aniangalie machoni, aseme, tumalizane."

"Na nani? Kocha?"

"Kocha yule mwoga, atazunguka mbuyu mpaka jioni. Afadhali rafiki."

Onni aliitikia kwa kichwa. Akaisogeza mbele ya Jarkko sahani yake ya chapati za maji na jamu. "Kula na hizi basi. Mimi sina hamu."

Jarkko alizila zote. Tumbo lilipata joto, mabega yakalegea, na kwa mara ya kwanza tangu majira ya kiangazi aliiona picha ya msimu ujao: jezi, kelele za mashabiki, jina lake likitajwa kwenye kipaza sauti. Mwaka mmoja tu zaidi. Labda miwili.

"Nitakutafutia tiketi," alisema, akijipangusa jamu kidevuni. "Uje uniangalie ligi ikianza. Usijitenge na watu kabisa. Haya, litoe lile neno lako, upumue."

Onni aliinua uso. Macho yalikuwa yamekauka.

"Bega klabu inalitibu. Msimu ujao nabaki mimi. Anayeachwa ni wewe."

Mhudumu alipita, akakusanya bakuli moja tupu na moja iliyojaa. Jarkko alingoja aende.

"Kocha... kocha kakutuma wewe uje uniambie?"

"Hapana. Yeye alitaka akuite mwenyewe. Aliponitajia aliyemwambia habari ya bega, nikalia kidogo. Halafu nikamwomba aniachie mimi nikwambie."