Herufi Nne Juu ya Kidole Gumba

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, mto ulipomeza barabara ya Garsen na mkewe Duba akafa kwa uchungu wa kuzaa, akingoja boti ya wagonjwa.

Leo Duba alimwekea bintiye karatasi ya zahanati. Maji yalikuwa yamefuta maandishi, zikabaki herufi nne za mwanzo, R-E-F-U, na chini yake alama ya kidole gumba cha Duba mwenyewe, wino wa buluu.

"Si huko shule mnatafutishwa maneno ya Kizungu kwa herufi? Nitafutie hili."

Binti akafungua kamusi. "Kuna kimbilio. Halafu mkimbizi."

"Mkimbizi nani? Mimi nimezaliwa hapa hapa! Hawa wakubwa hawaishi vituko. Endelea."

Binti akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Toa mkono."

"Baba, basi tu."

"Toa, nimesema!"

"Kukataa," akanong'ona.

Duba alikitazama kidole chake. Siku ile daktari mwenyewe ndiye aliyekishika akakibonyeza kwenye karatasi: "Hapa, mzee, ndio boti ije." Naye Duba akashinda ukingoni mwa mto akiingoja mpaka alasiri, miguu majini.

"Sasa niambie wewe uliyesoma," akasema. "Nani alikataa?"