Mkono Uliobaki Juu

"Legeza mkono," mwalimu wa piano alisema.

"Nimelegeza, Mwalimu."

Alikuwa ameushika mkono wa kulia wa Emmaculate kutoka chini, juu ya piano kuukuu ya kanisa. Kisha akaondoa kiganja chake ghafla. Mkono uliolegea ungeanguka kama kitambaa kilicholowa maji. Huu ulibaki hewani.

Emmaculate aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mtihani ulikuwa kesho, Kisumu, na kwa miezi mitatu alikuwa akiupiga ule ukurasa wa mwisho wa wimbo wa mtihani, wenye oktava za kasi, noti mbili zinazopigwa pamoja kwa kidole gumba na kidole cha mwisho, masaa manne kwa siku. Alijiambia aushushe. Bega lilishuka, mkono haukushuka, na kidole cha mwisho kikaanza kujikunja polepole kuelekea kiganjani.

Akakinyoosha kwa mkono wa kushoto. Alipokiachilia, kikarudi.

"Hicho kidole kimeanza lini?" Mwalimu aliuliza, kwa sauti ya chini sana.

"Jumatatu. Ni uchovu tu. Nikilala kinakuwa sawa."

Miaka minne yote Mwalimu alikuwa amemfundisha kwa mkono wa kushoto peke yake. Wa kulia ulikaa mfukoni mwa sweta, hata kwenye joto la Homa Bay, na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kuuliza.

Sasa aliutoa, akauweka juu ya vibao vyeupe vya piano. Vidole viwili vilikuwa vimejikunja hadi kucha zimezama kwenye nyama.

"Mimi pia nilisema ni uchovu," alisema. "Nikaenda kwa mtihani. Nikapita vizuri sana."