Viatu Vipya vya Enoch

Kila mwisho wa Agosti, kriketi ikiisha na kandanda ikianza, mume wangu Enoch hukaa jikoni na viatu vipya vya kuchezea mpira miguuni, ameviloweka kwenye beseni la maji moto ili ngozi ilainike ikae vizuri.

Siku ile nilimimina birika lote nikasahau kuchanganya maji baridi.

Mguu wa kulia uliruka nje. "We mwanamke, unanichemsha kama kiazi?"

Wa kushoto ulibaki ndani, umetulia. Huo ndio anaofungia mabao. Wiki mbili nyuma mpira wa kriketi ulimpiga nyuma ya goti la mguu huo, akasema si kitu. Jumamosi iliyofuata klabu moja ya kandanda ingemtazama uwanjani kabla ya kumpa mkataba.

"Na huo hausikii moto?"

"Unasikia. Nimevumilia tu."

Niliutoa mwenyewe, nikamvua kiatu na soksi. Unyayo ulikuwa mwekundu mpaka kifundoni.

"Nitakufinya," nikamwambia.

Nikambana kidole gumba cha mguu huo kwa ukucha, nikakaza. Enoch alikuwa anatazama dirishani.

"Haya, finya basi," akasema. "Unangoja nini?"