Semina ya Profesa Korongo

Mwaka ule wanyama walipoanza kusomea uzamili, hakuna aliyeruhusiwa kufanya utafiti kabla ya kuhudhuria semina ya maadili. Mwalimu wake alikuwa Profesa Korongo, aliyetembea kama anayeogopa kuchafua miguu.

"Usimchunguze yeyote bila ridhaa yake," alifundisha kutwa nzima. Karatasi ya mahudhurio ilipomfikia Ngedere, bingwa wa kuiga saini, akawasainia na Nguchiro na Kenge, waliobaki nyumbani wamelala.

Jioni Korongo akasimama, uso umemkunjika. "Ngedere, nimekuona. Semina hii yenyewe ni utafiti wangu kuhusu wanafunzi wadanganyifu. Nimewaandika wote, na kesho makala inakwenda kwenye jarida. Wewe utafukuzwa chuo."

Ngedere akajikuna kichwa. "Samahani, Profesa. Ridhaa yetu uliiomba lini?"

Korongo akafunga mlango, akatoa rundo la fomu za ridhaa. "Sainini hapa. Tarehe andikeni ya juzi."

"Na Nguchiro na Kenge, ambao hawapo?"

Korongo akamsogezea kalamu mbili, ya buluu na nyeusi. "Zisifanane," akanong'ona.

Cheti cha maadili Ngedere alikipata siku hiyohiyo.