Kiboko Nyuma ya Ufagio

"Umeniaibisha!" Mjomba aliubamiza mlango wa chumba cha kuchorea hadi kopo la brashi likaanguka. "Watoto thelathini wa chekechea, na hakuna aliyeonyesha hata jino moja!"

Mpwa wake, mchoraji, aliinama kuokota brashi. Nyuma yake, kwenye kamba, picha kumi na mbili za kitabu chao cha pili zilikuwa zikikauka, zimebanwa kwa vibanio vya nguo. Kazi ya mwaka mzima.

"Ule ukurasa wa kiboko umeusoma, Mjomba?"

"Nimeusoma! 'Kiboko alijificha vizuri kabisa, hakuna aliyemwona.' Kimya. Nikarudia. Kimya, utadhani nimewatangazia msiba."

Mchoraji alishangaa. Utani huo waliupanga pamoja: maneno yadanganye, picha iseme kweli. Kwenye picha, kiboko mzima, tumbo kama pipa, amejibanza nyuma ya ufagio. Mchapishaji wao, mtu mkavu ajabu, aliicheka hadi akafuta machozi.

"Na adabu hawana," Mjomba aliendelea. "Wamenikodolea macho, wamenyoosha shingo, wengine wanasimama kabisa! Nikawakemea wakae chini wasikilize."

Hapo mchoraji hakushangaa. Mjomba alikuwa amefundisha hesabu sekondari miaka thelathini. Mbele yake mtu hasimami bila ruhusa.

"Na miwani nimeisahau nyumbani. Nimesoma kitabu kikinigusa pua, nimetoka jasho, kwa faida gani? Picha zako hazichekeshi. Maneno yangu hayana kasoro."

Damu ilimchemka mchoraji. Mwaka mzima mgongo unamuuma juu ya meza ile, na sasa anaambiwa hivi.

"Maneno yako, Mjomba? Kitabu kizima kina sentensi nane."

"Nane nzito!" Mjomba alifoka. "Kitabu cha pili natafuta mchoraji mwingine. Na hizi takataka sitaki hata kuziona!"

Akaielekea kamba.

"Usiguse, Mjomba! Hizo hazina nakala!"

Wahenga walishasema hasira hasara, lakini Mjomba alikuwa hasikilizi wazee wala vijana. Vibanio viliruka. Alichana fisi aliyevaa viatu vya bibi harusi, akachana kuku anayepiga pasi, akachana ngamia aliyekwama kwenye beseni. Mchoraji alimshika mkono, akasukumwa; alipojaribu tena, kamba nzima ilishuka. Akabaki amesimama katikati ya vipande, na kwa mara ya kwanza maishani akatamani kumtukana kaka wa mama yake.

"Toka," alisema. "Toka kwangu, na usirudi."

Kabla Mjomba hajajibu, mlango uligongwa. Alikuwa mwalimu wa chekechea, anahema, mkononi ana kofia.

"Shikamoo, Mzee. Ulivyotoka kwa hasira umeisahau kofia yako." Alitazama sakafu, akasita kidogo, kisha akatabasamu kwa haya. "Na watoto wamenituma. Wanaomba urudi kesho uwasomee tena, ila safari hii ukigeuze kitabu, na wao waone picha."